Vigingi Sita vya Wangui

Miaka ile ukifika Dundori ukauliza nyumba ya Wangui wa Kang'ethe, watu walicheka kwanza. "Unatafuta Mke wa Serikali? Angalia mahali pasipo na viazi."

Na kweli. Kwa majirani viazi vilishuka bonde vikapanda kilima, lakini mbele ya nyumba ya Wangui palikuwa na ukanda mtupu wa upana wa futi sitini, umefyekwa kama uwanja wa kanisa, na ndani yake vigingi sita vya mwerezi vyenye vichwa vyekundu. Hapo ndipo barabara ya lami ingepita. Ingepita lini, muulize Mungu.

Vigingi vilipigwa mwaka wa 1966 na mpimaji mmoja Mhindi aitwaye Bhanu, mtu mpole mwenye kofia pana. Wakati huo Wangui na mumewe Kang'ethe walikuwa na miaka miwili tu kwenye ploti yao ya ekari kumi na tano, waliyogawiwa baada ya mzungu kuuza shamba na kwenda zake.

"Mama, hapa katikati hakuna kupanda, hakuna kujenga, hakuna kuchimba," Bhanu alisema. "Na nyasi isifunike vigingi. Mwaka kesho tingatinga inakuja."

Kang'ethe alifurahi kama bwana harusi. Kila alfajiri alipeleka maziwa kwa punda maili nne, na wakati wa masika alichelewa tope likimkamata, maziwa yakaganda njiani, karani wa kituo cha maziwa akamwambia arudi nayo. "Sasa lori litasimama hapa mlangoni," alimwambia mkewe. "Wewe utakuwa unakunywa chai umekaa."

Mwaka kesho ulikuja bila tingatinga. Uliofuata vilevile. Majirani, ambao nao walipigiwa vigingi, walivumilia msimu mmoja, kisha wakaving'oa, wakavitumia kufungia mbuzi, wakapanda viazi vyao. Wangui hakuthubutu. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, na alikuwa ameona kwa macho yake watu wakifukuzwa kwa kosa la mbuzi mmoja wa ziada, sufuria zikitupwa nje na mvua inanyesha. Moyoni mwake ile ploti ilikuwa kitu cha kuazima bado. Kwa hiyo kila mwezi alichukua panga na jembe akausafisha ukanda wa Serikali, udongo mweusi kuliko wote katika shamba lake, akauacha bila mbegu. Hapo ndipo lile jina lilipozaliwa. Wanaume walimtania Kang'ethe kwamba amenyang'anywa mke na Serikali, naye akacheka pamoja nao.

Masika ya mwaka 1969, Kang'ethe alishikwa na nimonia. Walimlaza kwenye mkokoteni wa punda kumpeleka Nakuru, gurudumu likazama bondeni, wakakwama hapo tangu asubuhi hadi saa tisa. Hapo kwenye tope, chini ya gunia walilomfunikia, ndipo alipomwambia mkewe neno lake la mwisho la maana.

"Nikifa nizike juu, mbele ya nyumba. Baba yangu alizikwa kando ya ua wa mzungu. Leo pamelimwa, hata sijui ni wapi. Mimi nataka mtu akiingia kwangu aone kwanza kaburi la mwenye shamba."

Kila mtu wa huko angemwelewa. Karatasi za ploti zilikaa kwenye kabati za ofisi, mikononi mwa watu wasiokujua. Kaburi lilikaa shambani. Palipolala mzee ni pa watoto wake, na hakuna karani anayeweza kulifuta hilo kwa raba. Wangui akamwahidi. Siku ya tatu Kang'ethe akafa hospitalini.

Lakini mbele ya nyumba, tangu mlangoni hadi mwisho wa uwanja, ilikuwa katikati ya vigingi. Wangui akamwita naibu wa chifu, bwana mmoja jina lake Micah, amwombe ruhusa. Micah alikuja na kofia yake ya kazi, akaangalia vigingi, akaangalia chini, akakohoa.

"Mama, pole sana. Lakini hapo ni barabara. Ukimzika hapo watamfukua na tingatinga, na wewe wataangalia vile umevunja sheria. Mzike kule chini karibu na mto. Huko hakuna mtu atamsumbua."

Wakamzika kule chini, kando ya ua, kama baba yake. Watu waliimba nyimbo za kanisa na Wangui akasimama amefunga mdomo. Aliona haya mbele ya maiti. Miaka sita mfululizo aliteremka kila Jumapili kung'oa magugu kaburini na kuomba msamaha, kisha akapanda juu kufyeka nyasi kwenye vigingi.

Mwaka wa 1975 Bhanu akarudi, ndevu zimekuwa nyeupe. Asubuhi nzima Wangui alisikia nyundo upande wa mtoni. Adhuhuri yule mzee akapanda hadi nyumbani kuomba maji ya kunywa. Alipofika uwanjani akasimama, akaviangalia vile vigingi sita, nyasi zake zimekatwa jana, na akavua kofia.

"Mama, nani anafyeka hapa?"

"Ni mimi. Si uliniambia nyasi isifunike?"

"Lakini hii njia ilifutwa, mama. Ilifutwa mwaka wa sitini na nane. Wakubwa walisema juu hapa kona ni nyingi, barabara ipite chini. Mimi mwenyewe nilileta barua kwa naibu wa chifu."

Sitini na nane. Kang'ethe alikufa sitini na tisa. Wangui aliuliza swali moja tu: chini wapi? Bhanu akaelekeza kofia yake upande wa mtoni. Alikuwa ameliona kaburi asubuhi ile na kupiga kigingi hatua mbili kutoka msalabani, asijue ni la nani. Wangui akaketi chini palepale, kikombe cha maji mkononi.

Jioni ile alikwenda kwa Micah bila hata kubadilisha nguo za shamba.

"Barua ilikuja?"

Micah alijaribu kumkaribisha kiti. Aliporudia swali mara ya tatu, akakubali. "Ilikuja. Lakini mama, hawa watu wakibadilisha mara moja, watabadilisha mara ya pili. Nikaona afadhali tungoje. Kama ningekuambia zika hapo, halafu warudi waseme wanataka hapo, ungemlaumu nani?"

"Ningekulaumu wewe," Wangui alisema. "Na sasa pia nakulaumu wewe."

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangui alisikia la mkuu, akavunjika yote mawili. Methali hiyo nadhani ilitungwa na wakuu.

Alipewa mwezi mmoja amwondoe mumewe. Wazee wa ukoo walikataa kwanza, wakisema maiti hafukuliwi kama kiazi, lakini Wangui alipiga jembe la kwanza mwenyewe mbele ya mlango, palipokuwa katikati ya vigingi. Kabla ya hapo alikuwa amemwuliza Bhanu kama anaruhusiwa kuving'oa. Hebu fikiria, miaka tisa, na bado aliomba ruhusa! Bhanu aliving'oa kwa mikono yake, na kwa kuni hizo wakachemsha chai ya wachimbaji.

Tingatinga lilifika baada ya miezi saba. Lilikata shamba la chini, likapita juu ya shimo tupu la Kang'ethe, likafika mtoni, likazima. Daraja halikuwa kwenye mpango. Waliopewa kazi ya barabara hawakuulizwa habari za mto. Masika yalipoingia, ule mkato ukajaa maji kama bwawa, na hata njia ya punda ikapotea. Wangui sasa alizunguka maili sita kupeleka maziwa yaleyale.

Mwaka wa 1979 alikuja mpimaji kijana, viatu safi, amebeba furushi la vigingi vipya.

"Mama, nani alifikiria barabara ipite kule kwenye maji?" aliuliza. "Huku juu ndiko kukavu. Inafaa ipite hapa." Akaona kaburi la saruji mbele ya mlango, akasita kidogo. "Hii itahamishwa tu. Si kazi kubwa."

Wangui alimtazama. Alimwambia aketi kwenye benchi apumzike, maana ametoka mbali, akalipokea furushi lake kwa mikono miwili kama mzigo wa mgeni, akaingia nalo jikoni. Shoka likasikika mara kadhaa. Kijana alidhani anapasua kuni.

Muda si muda akatoka na kikombe kinachotoa mvuke.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Imechemka haraka. Vigingi vyako vilikuwa vikavu."