Sala Juu ya Shemine

Wapendwa, naungama. Umeme ukikatika tunapikia kuni katika meko ya zamani ya sebuleni, na simenti kati ya matofali ya shemine, bomba la kutolea moshi juu ya paa, ilikuwa imemomonyoka. Moshi ulipenya hadi walipolala wajukuu. Fundi Kalenga alipotaja bei, nilishtuka.

"Papa, simenti yenyewe ni kidogo," alisema. "Shemine iko mulefu sana. Bei inatoka ku mbao za kusimamia kule juu."

Nilimjibu kwamba mwenye imani hahitaji mbao. Alipokwenda kunywa maji, nikapanda ngazi na kutembea juu ya bati, nimwonyeshe. Kufika kwenye shemine nikatazama chini na kuona ardhi iko mbali. Nikaikumbatia, nikafumba macho, nikalia kwa sauti: "Bwana, tuokoe!"

Akina mama wa kikundi cha sala walikuwa wanapita. Wakadhani nimepanda kuiombea nchi, wakapiga magoti barabarani. Kwa aibu nikaiombea nchi kweli, kisha mji wetu wa Likasi, kisha mvua. Kila nilipokaribia amina nilikumbuka ngazi, nikaongeza ombi.

Fundi alirudi, akavua kofia, akasikiliza kidogo. Kisha akapanda, akanishika mkanda, akanishusha polepole. Mungu asifiwe, miguu yangu iligusa udongo nikiwa mzima.

Mama Odile, mmoja wa akina mama wale, akanisogelea kwa heshima. "Papa, Bwana anakuambia nini kule juu?"

"Anamuambia mbao ni za lazima, mama," fundi akajibu. "Papa alikuwa anaogopa kushuka."