Mguu Wangu Ulisubiri Ruhusa ya Shemeji

Admin, nifichie jina. Na la mume wangu lifiche pia, ingawa hastahili. Nina miaka 36, watoto watatu, nauza viazi hapa Makambako.

Mwaka jana jirani yetu alilazwa hajitambui, ndugu zake wakagombana wodini nani aamue. Tuliporudi kutoka kumtazama nikamwambia mume wangu, "Baba Nuru, yakinikuta mimi, msikilize daktari, na umwite mdogo wangu Tumaini." Akacheka, akasema sawa. Tumaini naye nilimweleza.

Mwezi wa tatu bodaboda niliyopanda iligongwa na fuso. Siku nne sikujitambua. Mguu ulikuwa umesagika, daktari akataka kunipasua siku ile ile auokoe. Mume wangu akagoma kusaini. Eti mpaka kaka yake afike kutoka Matamba! Tumaini alikuja mbio kutoka Njombe, akampigia magoti: "Shemeji, dada alikuambia mwenyewe umsikilize daktari!" Akamjibu mbele ya manesi, "Mke ni wangu. Wewe hapa ni mgeni."

Huyo kaka mtu alifika siku ya tatu, mguu umeshaanza kuoza. Wakaukata juu ya goti. Nilipozinduka nikapapasa shuka, upande wa kulia hakuna kitu.

Samahani sijaisikia mpaka leo. Naambiwa tu nishukuru Mungu kwamba niko mzima. Mzima!

Sasa kidonda hakijafunga vizuri, wiki ijayo narudi kupasuliwa, nitapigwa nusu kaputi, ile dawa ya usingizi. Nesi mmoja akanishauri niandike kabisa nataka nini na nani aulizwe nisipojitambua, nisaini na mashahidi, nakala ikae kwenye faili langu. Nikaandika Tumaini. Mume wangu akaikuta ile karatasi, akaichana. "Unanitangaza mimi muuaji? Andika nyingine, urudi kwenu, watoto uniachie!" Mama mkwe anasema najiitia kifo. Mzee wa kanisa naye kaja kunisihi nimsamehe mwenzangu kwanza. Nikamjibu, "Kusamehe nitajitahidi, mzee, lakini mguu uliobaki simkabidhi."

Nimeandika nyingine. Mashahidi wapo tayari, bado saini yangu. Nikisaini napoteza nyumba na pengine watoto. Nisiposaini, nalala kwenye kile kitanda na wa kuamua ni yule yule.

Nyie mnaosoma, hasa mlioolewa, mngekuwa mimi mngesaini? Niambieni ukweli, nina hasira.