Baiskeli Zilizojaa Uani

Kaa hapa, mwenzangu, nikueleze. Juzi nilimwona mwanangu akijipenyeza kati ya baiskeli zilizojaa kibarazani kwangu, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Dunda.

Ua ulinuka grisi na vitunguu. Kesho yake dada alikuwa anaolewa, na wapishi walikuwa wamefika na masufuria makubwa ya pilau, lakini baiskeli mbovu za baba zilikuwa zimeenea ukuta hadi ukuta.

"Baba Mwanaidi, mafiga niyapange wapi?" mama aliuliza. "Kichwani kwako?"

Wapishi wakacheka. Baba hakutulia, chai yake ilipoa dirishani. Alikokota moja hadi mlangoni, mnyororo ukilia kwarakwara, kisha akairudisha. "Hii ina breki za kuifaa ile." Akakokota nyingine. "Na ile inasubiri tairi la hii."

Mimi, mtoto mdogo wakati huo, nilielewa kwamba baiskeli zile ni ndugu. Nikamng'ang'ania msuli aliojifunga kiunoni nikilia, "Baba, usizitenganishe!"

Baba akajifuta mikono, akamwita fundi jirani aje na mkokoteni. "Zichukue zote, ndugu yangu," alimwambia. "Mwanangu hataki zitengane."

Leo najua kwamba hakuna hata moja ambayo ingetembea tena. Kila moja ilikuwa kisingizio cha kuweka nyingine. Kwa hiyo, kama nawe baiskeli zako zimezidi kama hizi zangu, usizikague moja moja. Baki na ile unayoiendesha, nyingine zitoe zote siku moja.