Meza ya Amina

Nimeajiriwa kupigana na ukabila ofisini, na leo, siku yangu ya kwanza, ukabila umenipatia meza ya dirishani.

Bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Nimefika ofisini Westlands asubuhi. Meneja, yule yule aliyeniajiri nilete usawa, akaniuliza, "Jina lako lingine?"

Nikamwambia ni Grace Ruth, basi.

"Nyumbani ni wapi?"

"Dagoretti Corner, hapa hapa Nairobi."

"Hapana. Nyumbani nyumbani. Kwa babu."

"Babu pia anakaa Dagoretti Corner."

Akanuna. Nikapewa meza kando ya mlango wa choo.

Kisha akapiga simu hapo hapo mbele yangu, kwa lugha ya kwao. Akasema hajui kama huyu msichana ni wetu ama ni wa wale, kwa hivyo nisionyeshwe faili yoyote kwanza.

Nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo: "Mzee, ongea pole pole, naandika ripoti."

Nilidhani ataona haya.

Wapi. Alicheka mpaka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe wewe ni wetu! Si ungesema?"

Nikahamishiwa dirishani. Amina wa uhasibu, aliyekuwa akikaa hapo, akapelekwa kando ya choo. Alibeba kompyuta yake bila kuniangalia.

Na mimi hata si wa kwao. Lugha nilifundishwa na jirani aliyekuwa akiuza mboga kwa ploti yetu.

Kesho namwambia meneja hivyo mbele ya watu wote. Nani anadhani nitamaliza wiki?

Amina, kama unasoma hii, usipange vitu vyako hapo. Asubuhi tunabadilishana.