Tumbo la Maksai na Tumbo la Milembe

Harufu ya majani yaliyochacha ilinipiga usoni kabla sijaelewa kilichotokea. Bwana mifugo alikuwa amemchoma maksai wetu ubavuni kwa chuma chenye bomba, na upepo ukatoka kwa kishindo, ukinuka choroko mbichi ambazo maksai alikuwa amezivamia shambani alfajiri. Nilikuwa binti wa miaka tisa, kijijini kwetu, mbali na Shinyanga mjini, mvua zikiwa zimekolea. Muda mfupi kabla, maksai yule alikuwa amelala akikoroma, tumbo limemvimba kama ngoma. Bwana mifugo alipiga magoti kwenye matope, akalibonyeza, akaligonga kwa vidole, akaweka sikio ubavuni. Adhuhuri maksai alikuwa anacheua.

Wiki ile ile dada yangu Milembe, aliyenipita miaka minne, akaanza kushika tumbo. Baba alikuwa machimboni Geita, kwa hiyo Mama alimpeleka zahanati kwa miguu, na mimi nikafuatana nao. Mganga alikuwa peke yake, foleni imefika nje. Akauliza akiwa mezani, "Linauma sana?" Milembe alikuwa amelelewa kutowasumbua wakubwa. Akajibu, "Kidogo tu." Tukarudi na dawa ya minyoo. Nimeliwaza jambo hilo miaka mingi: maksai hakuweza kusema, ikabidi ashikwe. Dada yangu aliweza kusema, basi hakuna aliyemgusa.

Siku ya tatu alitapika maji ya kijani, tumbo limekuwa gumu, halitoi hata upepo. Mama akamwita bwana mifugo. Alipofika tu, Mama aliung'ang'ania mkoba wake wa kazi.

"Mtoboe na huyu, baba. Nakuomba."

"Mama Milembe, siwezi."

"Si ulimtoboa ng'ombe, akapona!"

"Yule alijaa upepo. Huyu nadhani utumbo umejisokota. Nikimtoboa nitamuua."

Hata hivyo alimbonyeza tumbo polepole, akaliwekea sikio. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kisha akampakia kwenye pikipiki yake, Mama nyuma amemkumbatia. Nilimsikia Milembe akimwita Mama, "Mayu, mayu," mpaka muungurumo ukaimeza sauti yake.

Hospitalini walimpasua mara moja. Daktari alimwambia Mama kwamba sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imeshakufa. Milembe akafariki kesho yake, kabla ya saa sita mchana. Maksai yule tulilima naye misimu minne zaidi. Mama hakumpiga hata fimbo moja, wala hakumtazama usoni.

Leo kuna kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, nusu saa kwa bajaji. Mwaka jana binti wa jirani yangu alishikwa na ugonjwa ule ule, akapasuliwa siku hiyo hiyo. Nilipompelekea uji nilimkuta ameketi kitandani, akicheka na wenzake. Nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha nikatoka nje, nikaegemea ukuta wa wodi, nikalia kwa sauti kama mtu aliyepewa habari ya msiba asubuhi ile.