Nyama ya Jumapili, Siku ya Jumanne

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wa Rochdale, Uingereza, kwamba Bi Enid Ollerenshaw, kondakta mstaafu wa basi, amerukwa na akili. Ndivyo walivyoamua mafundi wawili wa gesi. Kila Jumapili akioka nyama, boila, mtambo wa gesi wa kupasha maji, huzima na maji ya kuoga huwa barafu. Lakini wao walikuja katikati ya wiki, jiko limezimwa, wakakuta gesi iko sawa.

Jumanne akaja wa tatu, Craig. Akachomeka kipimo cha msukumo wa gesi, akacheka.

"Gesi tele, bibi. Labda ulisahau kuwasha?"

"Nimewatupa nje ya basi walevi wenye akili kukuzidi. Kaa hapo."

Bi Enid akawasha oveni, ndani mna paja la kondoo, kisha mioto yote minne ya juu kwa viazi na kabichi.

"Haya, fungulia maji moto."

Mshale wa kipimo ukaporomoka. Boila ikakohoa, ikazima.

Craig akalifuata bomba la gesi mpaka nyuma ya kabati. "Jembamba mno," akanung'unika. "Haliwezi kulisha jiko na boila pamoja. Nitaweka nene." Akavuta harufu ya nyama. "Bibi, paja zima hilo utalimaliza peke yako?"

"Hapana," akasema Bi Enid. "Nina mbwa."