Maagizo ya Kupasha Mafuta

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa na boti pekee yenye injini kisiwani kwetu, na sisi Wabajuni wa kisiwa kile hatukuwa na njia nyingine ya kumfikisha mgonjwa hospitali, ng'ambo ya maji. Ila dizeli yake ilikuwa ikiacha utando kwenye mikoko, hata chaza wakanuka. Aliponipigia simu Birmingham, Uingereza, kuniuliza kama huku hakuna mafuta yasiyochafua maji, nilimjibu aniachie mimi. Kwa cheti nilikuwa fundi mitambo. Kwa kazi, nilikuwa nikifunga makatoni.

Nikaanza kuomba mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kuku katika maduka ya mtaa wa Alum Rock. Nikayapika na spiriti na magadi makali ili yawe dizeli, bandani, nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Hodge Hill, nimevaa miwani ya kuogelea. Mke wangu alipoteza sufuria mbili. Mzee mmoja Mwingereza, aliyeishi ndani ya boti mferejini, alikubali kuyajaribu, na boti ikaenda huku ikinukia chipsi. Nilivimba kichwa.

Januari mafuta yakaganda kama samli. Nikagundua kwamba ukilizamisha dumu katika maji moto nusu saa, yanayeyuka. Basi nikamwandikia mjomba maagizo ya kurasa tatu, ayatengeneze mwenyewe kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mihogo. Agizo la kwanza nililipigia mistari miwili: injini isiwashwe kabla mafuta hayajapashwa. Mke wangu aliyasoma, akauliza kama kwetu nako mafuta huganda. Nilimwambia yeye hakusomea mitambo.

Dada yangu, kule kisiwani, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alimpoteza mtoto, kwa kuchelewa kufika hospitali.

Mwezi wa tatu mjomba akapiga simu. Uchungu ulikuwa umemshika dada asubuhi, jua likiwaka, mafuta aliyoyatengeneza yakichezacheza dumuni kama maji. Walimpakia botini. Kisha mjomba akawasha kuni pale gatini, akainjika maji, akaanza kuhesabu nusu saa. Mtoto hakuingoja. Mkunga wa mtaani alimpokea palepale, kando ya dumu. Mama na mtoto walikuwa wazima.

Nilikaa ngazini. Nilimuuliza kwa nini hakuondoka tu.

"Niliona ni upuuzi," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyesoma, mwanangu."

Mwacha asili ni mtumwa, husema wazee. Hawakusema kwamba pia huandika kurasa tatu.

"Sasa," mjomba akauliza, kwa heshima iliyonichoma zaidi ya matusi, "tuendelee kuyapasha?"

Nilitazama dirishani. Nje theluji ilikuwa bado juu ya banda.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Nilisahau kwetu kuna jua."